Kapu la Simu Halitajaza Jioni

Sikukuu za Desemba iliyopita, nyumba kadhaa ninazozifahamu Moshi na Arusha ziliongeza kitu kipya mezani: kapu la simu. Ni kapu lile lile la kuendea sokoni, ila ikifika saa moja jioni kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anatumbukiza simu yake humo, na haitoki mpaka watu wamekula, wamesali na wamekwenda kulala. Wazo si geni, lakini mwezi ule lilipata nguvu kwa habari iliyotoka mbali. Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kutekeleza sheria yake ya mitandao ya kijamii kwa watoto wa chini ya miaka 16, na katika makundi ya wazazi habari hiyo ikasambaa kwa ufupi huu: wenzetu wamewanyang'anya watoto simu, sisi tunangoja nini?

Nia ya wazazi hawa naiheshimu, kwa sababu kinachowauma kinaniuma na mimi. Familia inakaa sebule moja na hakuna anayezungumza na mwenzake. Ila naona tumeusoma ugonjwa vibaya. Jioni za nyumbani hazikuanza kuwa tupu simu zilipokuja. Zilianza kuwa tupu pale nyumba ilipopoteza kile kitu kimoja cha katikati kilichokuwa kikiwakusanya watu: taa moja, kazi moja ya mikono, redio moja. Simu iliwakuta watu wameshatawanyika vyumbani. Ukiiondoa bila kuweka kitu pale katikati, unabaki na watu wale wale waliotawanyika, safari hii wakiwa hawana hata cha kushika.

Tuanze na hiyo Australia, kwa kuwa inatajwa sana na inaelezwa vibaya. Sheria ile, iliyopitishwa na bunge lao Novemba 2024, haimkatazi mtoto kushika simu. Inayabana makampuni yenye mitandao kama TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na YouTube yasimwachie mtoto wa umri huo awe na akaunti. Faini, inayoweza kufika dola milioni 49.5 za kwao, inatozwa kampuni. Mtoto na mzazi hawaguswi. WhatsApp haimo kwenye orodha. Yaani wao wameamua kumbana mwenye duka, sisi tukaichukua habari hiyo na kwenda kumfungia mteja ndani. Tena hata wao hawakuahidi kwamba mtoto akitoka mtandaoni sheria itampa la kufanya. Hilo limeachwa mikononi mwa nyumba, na nyumba ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Nililiona jambo hili kwa karibu nyumbani kwetu Kibosho, kwenye Mlima Kilimanjaro, wiki ya Krismasi. Tulikuwa watu kumi na wanne. Jioni ya kwanza ya kapu ilikuwa ngumu. Baada ya kula, wazee wawili waliulizana habari za migomba, vijana wakatazama dari, na mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha pili, akauliza kwa adabu kabisa kama anaruhusiwa kwenda kulala. Ilikuwa saa mbili na nusu. Jioni ya pili shangazi alikuwa na debe la maharage ya wageni wa kesho yake. Akayamimina kwenye nyungo tatu, akaziweka mezani chini ya taa, akasema, "Njooni mnisaidie, macho yangu hayaoni tena vijiwe." Hakutaja mazungumzo wala mchezo. Watu wakasogea, na kaka yangu akasogea nao. Muda si mrefu vidole vilikuwa vinatembea, vijiwe vinadondoka kwenye sahani ya bati, ti, ti, na yule kijana wa kidato cha pili, macho yake yakiwa kwenye ungo, akaanza kueleza jambo lililomkuta shuleni ambalo mama yake hakuwa amelisikia. Tulilala saa tano. Simu zilikuwa kapuni jioni zote mbili.

Tofauti ya jioni hizo mbili ndiyo hoja yangu. Mtu aliyewekwa kwenye kochi na kuambiwa "haya, tuongee" anajiona yuko mbele ya mahakama, hasa akiwa na miaka kumi na mitano. Mtu mwenye kazi ndogo mikononi ana ruhusa ya kunyamaza, na akizungumza hakuna anayemkodolea macho. Maneno magumu hupita kwa urahisi zaidi mtu akiwa ameinamia kitu. Wazee wetu walilijua hilo bila kuliandika popote.

Wala shangazi hakuubuni mpangilio ule. Kwa miongo mingi, msimu wa kahawa ndio uliopanga jioni za mlimani. Kahawa iliyochumwa leo haifai kulala na maganda yake, kwani ikikaa inaanza kuchacha na ladha yake inaharibika. Kwa hiyo kuanzia Julai hadi Desemba, kilichochumwa mchana kilimenywa jioni hiyo hiyo kwa mashine ya mkono: mmoja anazungusha mkono wa mashine, mwingine anamimina tunda, mtoto anatia maji, bibi anaokoteza zile zilizopita bila kumenyeka. Tunaikumbuka kahawa ile kwa fedha zake, kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima, iliyoandikishwa mwaka 1933 na kwa ada za shule ilizolipa. Hatuikumbuki kama kitu kilichokuwa kikiwaweka watu wa rika tatu mahali pamoja baada ya jua kuzama. Kulikuwa pia na mahindi ya kupukuchua, mchele wa kuchambua, ulezi wa kupepeta. Hadithi, vitendawili na masengenyo ya ukoo vilikaa juu ya kazi hizo kama mvuke juu ya chungu. Hakuna aliyeitwa "njoo tupige hadithi". Aliitwa kupukuchua mahindi, hadithi akaikuta huko.

Kisha kazi zikaondoka moja moja. Bei ya kahawa iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mibuni mingine ikazeeka, mingine ikang'olewa. Wanaoendelea kulima, baadhi yao hupeleka tunda kwenye mitambo ya pamoja ya vikundi vyao. Mahindi yanapukuchuliwa kwa mashine kabla hayajafika nyumbani. Mchele unanunuliwa ukiwa safi. Kila moja ya mabadiliko haya ni nafuu kwa migongo ya watu, na sitamani hata moja lirudi nyuma. Nasema tu kwamba kazi ziliondoka na kikao chake, na wakati kikao kinaondoka hakuna aliyeuliza kitawekwa nini mahali pake.

Taa nayo ina habari yake. Mwanga wa chemli hauvuki meza. Aliyetaka kusoma, kushona, kula au kumwona anayezungumza, ilimbidi asogee kwenye duara lile dogo, na ndugu aliyegombana na ndugu yake mchana alilazimika kukaa naye kwenye mwanga mmoja usiku. Umeme ulipofika, na kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, iliyoanza kazi mwaka 2007 nguzo zimefika karibu kila kijiji cha Tanzania Bara, kila chumba kilipata taa yake. Mtoto anayesoma chumbani kwake chini ya taa yake mwenyewe ni maendeleo ya kweli. Ni yeye pia wa kwanza kuondoka kwenye duara, na aliondoka kabla hajajua simu ni nini.

Redio inanisaidia zaidi katika hoja hii, kwa sababu na yenyewe ni mashine, na ilikusanya watu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu wazima milioni 2 nchini walijiunga na vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu chake, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Anayesema kifaa cha mawasiliano kwa asili yake huvunja mazungumzo inabidi aieleze kampeni ile. Redio ilikuwa moja, ilikaa katikati, na ikizimwa watu walikuwa na la kufanya pamoja. Simu ina sauti na picha bora kuliko redio ile, lakini imetengenezwa kwa jozi moja ya macho.

Televisheni iliirithi nafasi ya redio kwa muda mfupi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na waliokuwa watoto miaka ile wanakumbuka nyumba moja ya mtaa yenye seti, viatu vikiwa vimejazana mlangoni. Mwaka 2013 matangazo ya analojia yalipozimwa Arusha na Moshi, seti isiyo na king'amuzi ikabaki pambo, na mpira mkubwa ukawa wa kulipia. Wanaume wakaufuata banda umiza, kibanda cha kutazamia mpira kwa kulipia. Nalitaja hili kwa sababu nadhani hapo ndipo fikra zetu kuhusu starehe zilipomaliza kuhama. Muulize leo mtu wa Sakina au Njiro, hapa Arusha, anajiburudisha vipi, atakutajia nyama choma, mpira, safari ya Jumapili. Vyote viko nje na vyote vinalipiwa. Nyumbani pamebaki pa kula na kulala, na mtu akikosa hela ya kutoka anasema "leo nimekaa tu", kana kwamba jioni nzima haikutokea.

Na jioni hizo si kidogo. Jua letu halibadilibadili sana. Mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro. Ukihesabu saa moja hadi saa nne, ni saa tatu kwa siku, zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka.

Sasa nisikilize upande wa pili. Wanaolaumu simu wana hoja nzito na sitaki kuipunguza. Vitu vilivyomo ndani ya simu vimeundwa na watu wenye akili nyingi ili usiviache: video inayofuata inajianzisha yenyewe, ukurasa hauna mwisho, na ukiiweka chini inakuita. Ungo wa maharage hauwezi kushindana na hayo kwa mvuto wa dakika ya kwanza. Kwa hiyo sisemi kapu ni upuuzi. Kapu linafungua nafasi, na bila nafasi hakuna kinachoingia. Kosa ni kudhani nafasi iliyofunguliwa itajijaza yenyewe. Na kuna nyumba ambazo kapu haliwezekani kabisa. Wakala wa fedha, dereva wa bodaboda, muongoza watalii wa Arusha anayesubiri kuambiwa wageni wake wanatua KIA saa ngapi: hawa simu ndiyo jembe lao, na jioni ndio wakati linalima. Kumwambia baba wa namna hiyo azime simu ili awe baba mwema ni kumpa mtihani atakaoushindwa kila siku. Ukiweka kitu mezani, anaweza kupokea simu, akamaliza, akarudi kwenye zamu yake. Nimemwona mtu akifanya hivyo na bodi la drafti likimsubiri bila ugomvi.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine, na mara nyingi huletwa na wanawake. Wanasema: hizo jioni unazozisifia zilikuwa starehe ya nani? Babu alikuwa akisimulia, bibi alikuwa akipukuchua. Baada ya hadithi babu alikwenda kulala, bibi akaenda kuloweka maharage ya kesho. Wengine wa babu zetu hawakuwepo kabisa. Walikuwa kilabuni kwenye mbege mpaka usiku. Hili ni kweli, na kila tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinapopima matumizi ya muda zinakuta wanawake wanatumia saa nyingi zaidi kuliko wanaume kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa. Kuita kazi ya mtu mwingine "burudani ya familia" ni kumwongezea dhuluma kwa jina zuri. Kwa hiyo nafuta moja kwa moja wazo la kurudisha jioni za zamani kama zilivyokuwa. Ninachotaka kukiokoa ni umbo lake: kitu kimoja katikati, mikono yote ikifika, kuanzia ya baba. Maharage ya shangazi yalikuwa burudani kwa sababu yalikuwa machache, yalikuwa na mwisho, na wanaume waliinamia ungo kama wengine. Angeachiwa debe lile peke yake jikoni, ingekuwa kazi ya kawaida ya usiku, nasi tungekuwa tunamsikia kwa mbali akipepeta.

Ndiyo maana naamini swali la vyombo linatangulia swali la mchezo. Nyumba ambayo mama au binti wa kazi yuko kwenye karo huku wengine wanacheza karata haijapata jioni ya pamoja. Vyombo vya watu saba vikioshwa na watu watatu vinakwisha upesi, na baada ya hapo kila mtu yuko huru kwa saa ile ile. Naliona hili kuwa sharti la msingi kuliko kapu, na nashangaa halimo kwenye mijadala yetu.

Tena tusisahau kwamba wanawake wenyewe walikwishajitengenezea burudani ya jioni, nasi tukaidharau. Vile vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, vyenye maua na kingo za mawimbi, havikuhitajika na mtu yeyote. Kochi linakalika bila kitambaa. Vilifumwa kwa sababu kufuma kunapendeza: unachagua uzi, unahesabu vishimo, unakosea, unafumua safu mbili, unaanza tena, huku unasikiliza redio na kumjibu mtoto. Ukimaliza unakitandika na jirani anauliza umejifunzia wapi. Hiyo ni burudani kamili kwa kipimo chochote, na bei yake ni kroshia na uzi. Arusha, yenye baridi yake ya Juni na Julai, ilipaswa kuwa mji wa watu wanaofuma masweta, wanaume wakiwemo.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa, ni ile ya kwamba jioni ni mtaji: maskini hana haki ya kucheza, saa tatu za usiku zitumike kujifunza biashara, kuuza mtandaoni, kuongeza kipato. Nawaelewa wanaoisema, wengi wamepanda kutoka chini kwa jasho. Lakini inakosea mahali pawili. Kwanza, inadhani nguvu za mtu hazina mwisho. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi mboga soko la Kilombero na kusimama mpaka jua linazama hana saa tatu za kujifunza biashara. Ana saa tatu za kupumzika vizuri au kupumzika vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki kwa sababu hiyo hiyo, na Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linaitaja starehe na mapumziko kuwa haki ya kila mtu, bila kuuliza ana fedha kiasi gani. Kwa watoto, Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza waziwazi katika ibara ya 31. Pili, hoja hii haijaleta kile inachoahidi. Tangu ienee, jioni zetu hazijajaa vitabu vya biashara. Zimejaa watu waliochoka, wanaoona aibu kucheza, wakijipumzisha kwa siri na simu kitandani.

Kuhusu nyumba kuwa ndogo sina la kusema sana. Chumba kimoja cha kupanga Unga Limited au Pasua kina kitanda, jiko na ndoo, na hakuna meza. Lakini drafti huchezwa juu ya mapaja, kitendawili hakihitaji nafasi, na kwenye nyumba za wapangaji wengi kuna uwanja wa ndani ambao Moshi, kwa joto lake la Januari, huwa na watu mpaka saa nne. Tatizo la wapangaji ni kubwa zaidi ya starehe, na wenye nyumba ndio wa kulijibu.

Sasa, kitu gani kinafaa kukaa katikati? Nimelifikiria hili kwa muda na nimeona kwamba si kila mchezo unafaa. Kinachofaa ni kile ambacho mwisho wake haujulikani, na ambacho umri hauamui mshindi. Drafti ina sifa hizo zote. Kipande cha mbao chenye vyumba 64, vifuniko 24 vya soda, nusu vimelala chali na nusu kifudifudi, basi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumfunga baba yake mbele ya watu na hakuna heshima iliyovunjwa, kesho yake baba anamwita yeye mwenyewe, "njoo hapa, jana ulinivizia." Ni mara ngapi kwa siku mtoto wa Kitanzania anakutana na mtu mzima mahali ambapo wako sawa? Shuleni hakuna, kanisani na msikitini hakuna, mezani hakuna. Bodi lile la mbao ni karibu mahali pekee.

Bao linakwenda mbali zaidi, ingawa huku kaskazini ni la wachache. Kwao ni pwani. Lina mashimo 32 kwa safu nne na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja katika hatua ya namua. Zikiisha mkononi ndipo mchezo unaingia hatua ya pili, iitwayo mtaji. Nieleze kwa nini nalipenda kwa jioni za familia. Kabla ya kucheza unapaswa kuhesabu kete zitaishia wapi, zikiishia pale zitakula ngapi, na hizo zilizoliwa zitakupeleka wapi tena. Mtoto anayeona hesabu ni adhabu anahesabu mashimo kumi mbele bila kuambiwa. Na babu ambaye miguu imemgomea, ambaye nyumba nzima inamsalimia shikamoo na kumpita, ghafla ana kitu ambacho wajukuu wanakihitaji.

Vitendawili ni vya usiku umeme unapokatika, na uzuri wake uko kwenye kushindwa. Anayetega akiona wengine wameshindwa anadai mji. "Nipe mji." "Nakupa Marangu." "Marangu sitaki." "Nakupa Arusha." Akikubali, anasimulia alivyofika Arusha na watu walivyompokea, ndipo atoe jibu. Nimemsikia mtoto wa miaka minane akikataa miji mitano mfululizo kwa sababu alitaka kwanza apewe Zanzibar. Kusoma kwa sauti pia kunafaa, kurasa chache kila usiku, na maktaba ya mkoa ipo Arusha kama ilivyo Moshi. Nyumba moja kuwa na mwanachama mmoja kunatosha kupata vitabu.

Yapo mambo ya kubadilisha, na mengine yako kwenye samani zetu. Angalia sebule zinazojengwa sasa. Makochi yamepangwa yote kuelekea televisheni, kama viti vya basi, na watu wawili wakitaka kutazamana lazima mmoja ageuze shingo. Meza ya kulia, kama ipo, imebeba chupa za chai, pasi na madaftari ya zamani. Ningemshauri anayenunua samani aanze na meza na viti vigumu, na taa iliyoshuka juu ya meza hiyo, kochi lije baadaye. Huo ndio ule mwanga wa chemli, umerudi kwa hiari yetu.

Lingine liko kwenye malezi yenyewe. Mikoa yetu hii miwili ina shule nyingi za bweni, na tulikuwa tukipeleka watoto wadogo sana huko. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengi waliipokea hatua ile kama mzigo: nani atawachukua shuleni, nani atakaa nao. Sijasikia mjadala uliouliza ni jioni ngapi mtoto wa miaka saba amerudishiwa nyumbani kwao, na zikishakuwa zetu tunazifanyia nini. Mara nyingi jibu limekuwa kazi za shule mpaka saa tatu, kisha kulala. Walimu wanaweza kusaidia hapa kuliko wanavyodhani. Kazi ya nyumbani inaweza kuwa kitendawili kimoja kutoka kwa bibi, au kanuni za bao zilizoandikwa na mtoto baada ya kuzisikia kwa mjomba wake.

Na wale wakubwa, walioko bweni mpaka kidato cha sita, wanarudi likizo wakiwa wageni. Hawajui nyumba yao inafanya nini usiku kwa sababu hawakuwepo, na simu ndiyo kitu pekee wanachokifahamu wanapoingia mlangoni. Tukiwapokea kwa kapu kabla ya kuwapokea kwa kitu kingine, tunawachukulia kile kidogo walichonacho.

Kwetu Kibosho tumeshazungumza kuhusu likizo ya Juni. Kapu litabaki, ila litawekwa baada ya vyombo, na zamu ya vyombo inaanza na wanaume. Kila kaya itakayopanda mlimani ije na kitu kimoja cha kuweka mezani. Kaka yangu ameagiza bodi la drafti kwa fundi seremala wa Kiboriloni. Yule kijana wa kidato cha pili anasema bao ataleta yeye, yuko rafiki yake wa Tanga anayemfundisha. Shangazi ameomba uzi wa kufumia, rangi ya maziwa, mabunda manne.